Magodoro Thelathini na Brigedia Mmoja

Jumapili iliyopita, tulipotoka ibadani hapa Guta, mlinizunguka watatu na bahasha zenu za maombi ya kujiunga na jeshi mkaniuliza, "Babu Magesa, hivi jeshini wanaishigaje?" Nikawaambia mtajua mkifika, nikapanda baiskeli nikaondoka. Msidhani nilikuwa na siri. Nyumbani kulikuwa na mchuzi wa samaki, kamongo, na wale wajukuu zangu nawajua, hawabakizi hata mkia. Nilipomaliza kula nikaona nimewaonea, kwa hiyo nimechukua daftari niwajibu kwa kirefu.

Kwanza mnijue vizuri. Mnaniona natembea nimenyooka mnadhani nilikuwa komando. Wapi. Bunduki niliishika wakati wa mafunzo na siku za gwaride. Miaka mingine yote nilishika magodoro, mablanketi, ndoo, vyandarua na kufuli. Nilikuwa sajenti wa bohari katika kambi moja upande wa Butiama, kwenye njia ya kuelekea Buhemba, na nitawaomba mridhike na hapo, maana walionizunguka enzi hizo wengine wana vyeo vikubwa sasa na hawapendi kuchekwa.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: askari alale. Inaonekana kazi ya kitoto mpaka uamke asubuhi kwenye hanga lenye vitanda thelathini, ndilo bweni letu hilo, ukute vijana wenye nguvu za kuangusha dume la ng'ombe wanatembea wameshika viuno.

Aliyenifundisha ni Staff Sajenti Wambura, mtu mfupi mwenye sauti nene, aliyeitunza bohari kabla yangu. Siku ya kwanza alinipeleka mbele ya rundo la magodoro akaniuliza lipi zima. Nikayatazama, nikanyoosha kidole kwenye moja lenye kitambaa safi cha maua. Akacheka mpaka akakaa chini. "Magesa, godoro huwa halitazamwagi. Linapigwaga goti." Ukipiga goti juu yake na ukasikia chaga ya kitanda, godoro hilo limekufa, hata kama kitambaa chake kinang'aa. Lile la maua lilikuwa limekufa zamani sana. Mpaka leo nikiingia duka la magodoro pale Bunda napiga goti, na wauzaji wameshazoea, wananiita mzee wa sala.

Kosa langu la kwanza lilihusu kunguni. Staff Wambura alinielekeza vizuri kabisa: toa kitanda nje saa sita jua likiwaka, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio, kisha simamisha miguu ya kitanda ndani ya makopo yenye dizeli. Mimi kwa ujuaji wangu nikaona makopo ni kazi ndefu. Nikapulizia dizeli hanga zima, vitanda, sakafu, na mablanketi pia. Wiki mbili watu thelathini walinuka lori. Padri alipokuja kuwatembelea aliuliza kama wote ni madereva. Na kunguni hawakufa, walihamia mesi ya maofisa, ambako niliitwa kujieleza.

Sasa tuje kwa Nyangeta, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Nyangeta alikuwa binti wa Murangi, mtoto wa wavuvi, aliyekua akifungua na kufunga injini za boti za baba yake kabla hajajua kusuka nywele. Kambi yetu ilikaa kilimani na maji yalikuwa bwawani, chini. Kulikuwa na mashine ya kuvuta maji iliyochoka kuliko mimi nilivyochoka leo, na ni Nyangeta peke yake aliyejua kuibembeleza. Aliigonga hapa, akaipulizia pale, akaisema kwa Kijita maneno ambayo hakukubali kututafsiria, ikawaka. Akienda likizo, kambi nzima ilishuka bwawani na ndoo kichwani, makoplo kwa makuruta.

Mkataba wake wa kwanza ulikuwa unaisha siku ya Ijumaa. Asaini aendelee, au asaini karatasi nyingine aende zake. Na pa kwenda alikuwa napo. Mjomba wake ana gereji ya injini za boti pale Mwigobero, Musoma, na alikuwa amemwandalia kazi, chumba chenye dirisha la vioo na godoro la inchi nane lililo bado kwenye nailoni yake.

Sikilizeni, nyie mnaotaka kuwa viongozi wa askari. Watu wanadhani kijana anaacha jeshi kwa sababu ya kukimbizwa au kupigiwa kelele. Hayo anayazoea. Anaacha kwa sababu ya bati linalovuja juu ya kitanda kilekile miaka mitatu na kila mtu anajua. Tulikuwa tumeshapoteza wanne kwa njia hiyo. Watatu walikwenda kuchimba dhahabu Buhemba, na mmoja wao alirudi kututembelea akiwa na simu kubwa na kikohozi kikubwa, akatuambia huko analala juu ya gunia ila gunia ni lake. Dalili nilizijua. Anayetaka kuondoka huanza kupiga pasi suruali ya kiraia kila Jumamosi na wala haendi popote. Anagawa sufuria yake. Halafu anaacha kulalamika, na hapo ndipo mtu wa bohari anapaswa kuogopa.

Nyangeta bado alikuwa analalamika, kwa hiyo nilikuwa na matumaini. Alinijia bohari akasimama wima, "Jambo, afande."

"Jambo, Nyangeta. Sema."

"Afande, mimi jeshi nalipenda. Ila lile godoro ninalolaliaga siyo godoro, ni chapati. Naamkaga mgongo una mistari. Nikilalia godoro la maana kabla ya Ijumaa, nasaini. Nisipolalia, namfuata mjomba."

"Nimeandika barua nne," nikamwambia, na ni kweli nilikuwa nimeandika. Tulikuwa na magodoro mazuri thelathini tu, yote hanga la kwanza. Hanga la pili na la tatu, vitanda thelathini kila moja, na hanga la wanawake, vitanda kumi, walilalia chapati. Nilikuwa nimeomba magodoro sabini. "Jumanne anakuja Brigedia kukagua. Ataona kwa macho yake. Nakuahidi."

Nilimwahidi, kumbukeni hilo, maana mnakaribia kunidharau.

Kwetu Mara mnajua tulivyo mgeni akija. Siku ya kupokea ng'ombe za mahari tunaazima viti kwa jirani, vikombe kwa mchungaji, vitambaa vya makochi kwa mwalimu, na mgeni anakula anaondoka akiamini tumejaliwa. Jeshi nalo lina tabia hiyohiyo, ila lenyewe linapaka chokaa mpaka mawe. Kwa hiyo Meja wetu, mkuu wa kambi, mtu wa Tanga mwenye Kiswahili cha kunyooka kama kamba ya mahema, aliponiita Jumatatu akaniambia, "Sajenti, mgeni asione aibu yetu," mimi wala sikumkumbuka Nyangeta. Niliona fundi nimepewa kazi ya ufundi.

Wazo lilikuwa la kwangu, Meja asisingiziwe. Magodoro thelathini, mahanga manne, mgeni mmoja anayetembea polepole. Kila hanga lina madirisha nyuma. Brigedia akimaliza la kwanza tunamchelewesha kidogo, vijana wanapitisha magodoro dirishani, wanayakimbiza hanga la pili, wanatandika mashuka, wanasimama wima kando ya vitanda bila kuhema. Halafu la tatu. Halafu la wanawake, yale ishirini ya ziada yanalazwa nyuma ya ukuta. Chapati zote zikafichwe nyuma ya jiko. Tulifanya mazoezi Jumatatu mchana kutwa nikiwa na saa mkononi, na vijana, Mungu awabariki, hawakuwa wamefurahi hivyo tangu wajiunge. Mtu aliyekuwa amepanga kuacha jeshi mwezi ujao alikuwa anabeba magodoro mawili mawili huku anaimba. Nyangeta peke yake hakuona kitu, maana alishinda bwawani akiiandaa mashine ya maji kwa ajili ya mgeni.

Jumanne Brigedia akafika. Mzee mrefu, mpole, mwenye miwani, anayeuliza swali kisha anasubiri jibu, jambo ambalo si la kawaida kwa wakaguzi. Akakagua hanga la kwanza akaridhika. Tukamteremsha bwawani kuona mashine ya maji, na Nyangeta akaiwasha kwa mara moja. Brigedia akamwangalia akamwambia Meja, "Huyu msimpoteze." Meja akasema hatuwezi, afande. Nyuma yetu kwenye majani niliona godoro linapita lenye miguu miwili.

Hanga la pili, safi. Tukamwonyesha bustani ya kabichi, kabichi moja moja, nikimweleza kila moja habari zake. Hanga la tatu, safi, ingawa koplo mmoja aliyesimama wima jasho lilikuwa linamdondoka puani kama bomba bovu. Brigedia akamuuliza kama anaumwa. "Ni furaha, afande," akajibu. Nilitaka kumpandisha cheo palepale.

Wakati Brigedia anaangalia mbuzi wa kambi, nilitangulia hanga la wanawake kuhakikisha. Nikamkuta Nyangeta ameshapanda kutoka bwawani, amesimama mbele ya kitanda chake, na juu ya kitanda kuna godoro la inchi sita. Alikuwa amelibonyeza kwa viganja vyote viwili. Akanitazama.

"Afande, yamefika?"

Ningesema nini? Nikasema, "Yamefika."

Akacheka yule binti, akalipiga goti, nadhani alishaniona nikifanya hivyo, akasema, "Hili zima kabisa." Halafu Brigedia akaingia na sote tukasimama wima. Alipomuuliza kama analala vizuri, alijibu, "Leo ndiyo nitalala, afande." Brigedia akatabasamu akatoka kwenda bwaloni kunywa chai. Hakuwa amefika hata kwenye kona, vijana wangu wakaingia dirishani kama tulivyofanya mazoezi, wakakamata magodoro.

"Yanaenda wapi?" Nyangeta akauliza.

"Yanarudi hanga la kwanza," nikamwambia, nikiwa natazama sakafu.

Nilitegemea anitukane. Alikunja shuka lake vizuri, akaliweka kichwani pa kitanda, juu ya chaga tupu, akaenda kuangalia jenereta ya bwaloni. Nilisimama pale na ile hali ya kucheka iliyokuwa imenijaa tangu asubuhi ikaniisha yote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Yule binti alikuwa ameacha kulalamika.

Bwaloni chai ilikuwa na maandazi na mayai, na Meja alikuwa na uso wa bwana harusi. Brigedia akasifu, akafungua faili lake, akavuta karatasi. Niliitambua. Ilikuwa barua yangu ya nne.

"Meja, kila kitanda nilichokiona leo kina godoro zuri. Sasa hili ombi la magodoro sabini ni la nini?"

Mpishi aliacha kukoroga. Meja alinitazama mimi, nami nikaitazama sahani ya mayai.

"Nadhani ni kosa la karani, afande," Meja akasema.

"Basi tulifute," Brigedia akasema, akachomoa kalamu.

Nyangeta alikuwa mlangoni, mikono ina mafuta ya jenereta. Alisikia. Wala hakunitazama kwa hasira, alitazama ile kalamu tu. Sasa hapo piga hesabu ya mtu wa bohari: nikinyamaza, magodoro sabini yamekufa, Nyangeta ameondoka, maji yanabebwa kichwani, na mimi nimemdanganya binti wa watu mara mbili kwa wiki moja. Nikisema, cheo changu kimekwenda na cha Meja kinatetereka. Miguu ilisimama kabla sijaamua.

"Afande, naomba ruhusa kusema."

"Sema, Sajenti."

"Afande, magodoro uliyoyaona ni thelathini. Ila umeyakagua mara nne."

Meja alifumba macho. Brigedia aliweka kalamu chini polepole, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe," akasema. "Kuna godoro moja lenye doa la wino pembeni. Nimeliona kila hanga. Nikadhani ndivyo kiwanda kinavyoyaweka alama."

Akasimama, tukamfuata. Hanga la tatu lilikuwa vitanda vitupu, chaga za chuma, na juu ya moja amelala yule koplo wa furaha, hoi, mdomo wazi. Alipoamka akakuta Brigedia anamtazama, alipiga saluti akiwa bado amelala. Brigedia akauliza wanalalia nini siku zote. Nikatuma watu nyuma ya jiko. Wakaleta chapati ya kwanza, na juu yake kulikuwa na yai, maana kuku wa mpishi alikuwa ameshajichagulia makazi.

Brigedia aliondoa yai kwa heshima, akampa Meja alishike. Akatandaza lile godoro kitandani, akakaa. Likashuka lote, naye akashuka nalo, magoti yakafika kidevuni, akakwama katikati ya chaga mbili. Tulimvuta watu wawili, mimi mkono wa kulia. Hakuna aliyecheka. Mimi niliuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu, na Meja alishika lile yai kwa mikono miwili.

"Barua nne," Brigedia akasema akijipangusa. "Halafu siku ya kuonyesha, mnaficha." Akatutazama wote wawili. "Meja, vyeo vyenu sivigusi leo. Wewe na Sajenti mtahamia hanga hili. Mtalalia haya. Mpaka magodoro yafike."

Akapanda gari akaondoka. Meja akabaki na yai lake.

Basi tukahamia. Kitanda cha Meja na changu vilipakana, na juu yetu kulikuwa na lile bati nililowasimulia, sasa fikirini lilivuja upande wa nani. Yule mtu wa Tanga, ambaye barua zangu nne alizisaini bila kuzisoma, Jumatano asubuhi alikuwa ofisini kabla ya tarumbeta, anaandika ya tano kwa mkono wake. Mchana akapiga simu. Jioni akapiga tena, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mbuzi. Alhamisi aliwatafuta mafundi wa bati kutoka Butiama mjini. Usiku aliponiuliza wale vijana wamelalaje hivi miaka yote, nilimwambia, "Wamelala vibaya, afande, ila hakuna aliyewauliza." Alikuwa anajaribu kugeuka na ubavu ulikuwa unakataa.

Ijumaa ikafika, na magodoro hayajafika. Baada ya gwaride la asubuhi, askari wakiwa bado wamejipanga, niliona gari dogo la mzigo limesimama getini, injini ya boti nyuma, na mjomba wa Nyangeta ameegemea mlango. Nyangeta alisimama kando yake, begi miguuni, limefungwa zipu. Alikuwa amegawa sufuria yake jana yake, mimi nilimwona aliyepewa. Nilisimama pembeni na karatasi mbili, ya kuendelea na ya kuacha, ambazo karani alinipa nimsainishe. Ahadi yangu ilikuwa imeshatumika.

Meja akatoka hangani. Alikuwa hajanyooka. Alitembea amepinda kidogo upande wa kushoto, shavuni ana alama ya chaga, shingoni vipele vitatu vya kunguni, wale watoto wa wale nilioshindwa kuwaua kwa dizeli. Nyangeta alimtazama akija, akasimama wima, akapiga saluti.

"Jambo, afande."

"Jambo."

Halafu yule binti akamuuliza kama wanavyoulizana watu kwao Murangi asubuhi, wala hakuwa na kejeli. "Afande, umelalaje?"

Miaka yote nimekaa jeshini. Nimesikia maofisa wakiulizwa habari za asubuhi mvua ikinyesha, msiba ukiwapo, malaria imewakamata, na wote wanajibu safi. Meja akavuta pumzi.

"Vibaya," akasema. "Vibaya sana, Nyangeta. Na sijui mmewezaje."

Gari la mjomba likapiga honi moja. Nyangeta akaninyooshea mkono bila kugeuka, akasema, "Afande Magesa, naomba ile ya kuendelea."

Nikampa ile karatasi na kalamu. Akatafuta mahali pa kuiwekea, meza hakuna, ukuta una chokaa mbichi. Meja akaona anahangaika. Akageuka, akainama, akampa mgongo wake. Nyangeta akaweka karatasi juu ya mgongo wa mkuu wa kambi, mbele ya gwaride zima, akaanza kuandika jina lake.

"Taratibu, binti," Meja akasema akiwa ameinama. "Hapo ndipo chaga inaponichomaga."